Nani alikuwa anamsubiri nje ya geti?



Miezi saba iliyopita, nikiwa mgeni kwenye parokia ninayofanyia mwaka wa uchungaji, nilikaa kwenye kikao cha vijana ambacho ajenda yake ya mwisho, ile ya "mengineyo", ilikula muda kuliko zote. Kijana mmoja wa mtaa wa nyuma ya kanisa alikuwa ameomba ukumbi mdogo kwa ajili ya mazoezi ya ngumi, jioni mara tatu kwa wiki, yeye na wenzake wanne. Yeye alibatizwa hapohapo na Komunyo ya Kwanza aliipata hapohapo. Mafundisho ya Kipaimara aliyaacha njiani. Wale wanne tuliwajua kwa sura. Ni wa kijiweni, pale kwenye kituo cha bodaboda, na mmoja wao mahabusu ameshalala zaidi ya mara moja.

Mwenyekiti akasema ndege wafananao huruka pamoja. Dada mmoja wa kwaya akakumbusha onyo la Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya kukaa na watu wabaya. Halafu wote wakanigeukia mimi. "Frateri, wewe umesoma falsafa, unasemaje?" Nikasema busara inatutaka tusiharakishe. Maneno laini kabisa, ila kila mtu alielewa maana yake ni hapana, na nadhani mimi nililielewa hilo kuliko wote.

Kijana alikuwa anasubiri nje, karibu na groto. Nikatumwa mimi kumpa jibu. Hakubisha. Alitoa simu akanionyesha video ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mtu mwenye mabega kama mlango na macho yasiyopepesa. "Huyu glavu alipewa na padri, frateri. Padri wa jela." Akarudisha simu mfukoni, akaondoka.

Nilidhani ni stori za kijiweni. Nikaenda kusoma, nikakuta ni kweli, na tangu hapo sijapata usingizi mzuri juu ya jambo hili.

Mtu wa kwenye video ni Charles Liston, aliyejulikana duniani kama Sonny. Alizaliwa Arkansas, kusini mwa Marekani, katika familia ya weusi waliolima pamba kwenye shamba la mtu mwingine kwa kugawana mavuno. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, na mwaka aliozaliwa unabishaniwa mpaka leo. Watoto walikuwa wengi, na baba alikuwa na mkono mzito. Liston aliishi na makovu ya viboko vyake. Mama alipohamia St. Louis kutafuta kazi, mtoto alibaki. Baadaye akapukutisha njugu kwenye mti wa shemeji yake, akaziuza, akapata nauli ya kumfuata mama. Shule aliijaribu huko mjini. Kijana mwenye mwili wa mtu mzima, hajui kusoma, watoto wanamcheka. Akaacha.

Akaingia kwenye uporaji. Polisi wa St. Louis walimwita Shati la Njano, kwa sababu kila tukio alivaa shati lilelile. Hebu tafakari hilo kidogo. Jambazi gani mzoefu anafanya hivyo? Mwaka 1950 alihukumiwa miaka mitano katika gereza la jimbo la Missouri, mjini Jefferson City. Kuhusu maisha ya jela hakulalamika. Alisema kule alikuwa na uhakika wa kula mara tatu kwa siku.

Gerezani ndipo wanapoingia mapadre, na ni wawili. Wa kwanza, Padre Edward Schlattmann, ndiye aliyemwelekeza kwenye ngumi. Wa pili, Padre Alois Stevens, aliichukua kazi hiyo kwa moyo wote. Alimleta gerezani bondia wa uzito wa juu wa ngumi za kulipwa, Thurman Wilson, ampime. Baada ya raundi mbili Wilson aliomba atolewe ulingoni kabla hajauawa. Padre hakuishia kushangilia. Aliwatafuta watu wa nje: mhariri wa michezo wa gazeti la mjini St. Louis, na kupitia kwake akapatikana Monroe Harrison, mwalimu wa ngumi aliyewahi kufanya mazoezi na Joe Louis, pamoja na Frank Mitchell, aliyekuwa na gazeti la watu weusi mjini humo. Mfungwa akawa na watu wa kumpokea. Oktoba 1952 akaachiwa kwa masharti.

Mwaka uliofuata alishinda Golden Gloves ya Chicago, mashindano ya ridhaa, na njiani alimshinda Ed Sanders, bingwa wa Olimpiki wa 1952. Septemba 1953 akaanza ngumi za kulipwa. Pambano la kwanza halikumaliza raundi moja.

Kama ningekuwa nahubiri, ningeishia hapo. Padre mwema, mfungwa, glavu, ubingwa. Tungepiga makofi na kuimba.

Lakini Harrison alikuwa mtu wa kipato kidogo, na sehemu yake akaiuza. Akabaki Mitchell, na nyuma ya Mitchell alikuwepo John Vitale, kigogo wa genge la uhalifu la St. Louis. Bondia anayeanza halipwi vya kutosha kuishi, kwa hiyo Liston akapewa kibarua na watu hao katika migogoro ya vyama vya wafanyakazi. Kazi yenyewe haikuhitaji kusoma wala kuandika. Ilihitaji mtu wa kutisha, ambaye wengine wakimwona tu wanatulia. Mwaka 1956 alimpiga askari polisi, akamvunja goti na kumnyang'anya bastola, akarudi kifungoni. Alipotoka alihamia Philadelphia, na huko akawa chini ya Blinky Palermo na, juu ya Palermo, Frankie Carbo, mtu wa Mafia aliyeziendesha ngumi za Marekani kutoka gizani kwa miaka mingi. Mwaka 1961 wote wawili walitiwa hatiani kwa vitisho na unyang'anyi; Carbo alipewa miaka 25.

Kabla ya hukumu hiyo, mwaka 1960, Liston aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyokuwa ikichunguza uhalifu kwenye ngumi. Aliulizwa kama watu wa namna ile wanafaa kuendelea kuwepo katika mchezo. Alijibu kwamba hawezi kumhukumu mtu, maana yeye mwenyewe hajawa mkamilifu. Mimi nimelirudia mara nyingi na bado sijui niliite nini. Kuna sehemu ya Injili inafanana nalo, ila limesemwa na mtu anayewalinda majambazi.

Sasa swali. Je, padre alikosea?

Darasani tulifundishwa kwamba kuna tofauti kati ya kushiriki uovu ukiutaka na kusababisha bila kutaka jambo ambalo mwingine analigeuza kuwa uovu. Padre Stevens hakulitaka genge. Alitaka kijana atoke na awe na kitu cha kufanya kwa mikono yake, na mikono ile ilijua kitu kimoja. Wapo watakaosema kosa ni ngumi zenyewe. Hoja hiyo siyo nyepesi: mwaka 2005 jarida la Wajesuiti wa Roma, La Civiltà Cattolica, liliandika kwa ukali mkubwa dhidi ya ngumi za kulipwa, kwamba ni mchezo ambao lengo lake ni kumdhuru mwenzako na hauwezi kutetewa kimaadili. Nimeisoma hoja hiyo kwa heshima, na nadhani kuhusu ngumi za fedha ina nguvu sana. Lakini mtu aliyeko gerezani hakuwekewa mezani glavu upande mmoja na chuo kikuu upande wa pili. Aliwekewa glavu na ugomvi wa uani.

Kwa hiyo sioni kosa kwenye glavu. Ninachokiona ni geti. Padre alikuwa kapelani wa gereza, na kazi ya kapelani wa gereza inaishia getini. Alijitahidi hata kuvuka, akaandika, akatafuta watu. Nje ya geti lile mji ulikuwa na maparokia, mashule, waumini wenye viwanda na maduka. Waliokuwa tayari kumpa chumba, chakula, kazi na nauli ya wiki hiyohiyo walikuwa watu wa Vitale. Tunasema alichagua marafiki wabaya. Kuchagua ni kuwa na angalau vitu viwili mbele yako.

Najua ubaya wa hoja hii nikiisukuma sana. Nitamgeuza Liston kuwa jani linalopeperushwa na upepo, na hiyo nayo ni namna ya kumdharau mtu. Mwaka 1961, akiwa tayari tajiri kuliko watu wengi wa mtaani kwake, alikamatwa Philadelphia kwa kumsimamisha mwanamke barabarani usiku, kwa kujifanya polisi. Genge halikumtuma kufanya hivyo. Goti la yule askari lilivunjika kweli. Katekisimu namba 1735 inafundisha kwamba lawama ya tendo inaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya ujinga, hofu, mazoea na mengineyo ya aina hiyo. Haisemi kwamba tendo linageuka kuwa jema. Aristotle naye aliliona hili zamani: tunakuwa vile tunavyozoea kutenda, ndiyo maana si jambo dogo mtu amezoeshwa nini tangu utotoni. Liston alizoeshwa kupigwa, kisha akazoeshwa kulipwa kwa kupiga.

Kuna kitu kingine alichokuwa nacho ambacho watu walikiita ugumu tu. Mwaka 1954 Marty Marshall alimvunja taya katikati ya pambano, naye akapigana mpaka raundi ya nane, ya mwisho, akashindwa kwa pointi. Mtakatifu Thoma wa Akwino anafundisha kwamba tendo kuu la ujasiri ni kustahimili, siyo kushambulia. Sisemi Liston alikuwa na fadhila ya ujasiri kwa maana kamili, maana fadhila inahitaji lengo jema. Nasema malighafi ilikuwepo, nyingi, na aliyeijua thamani yake alikuwa Carbo.

Baada ya kashfa ile ya barabarani alifungiwa kupigana, akaenda Denver kwa Padre Edward Murphy, Mjesuiti, aliyejaribu kumsaidia aache pombe na kumfundisha kusoma. Nimefurahi kumkuta padre huyu kwenye hadithi, na nimehuzunika. Ilikuwa ni miezi tu. Mtu mzima wa karibu miaka thelathini, ameshika penseli kwa mkono unaojulikana kuwa mojawapo ya mikono mikubwa kabisa katika historia ya ngumi, anasoma herufi.

Bingwa wa dunia wakati huo alikuwa Floyd Patterson, na hapa mkono wa Mungu unanishangaza, kwa sababu Patterson alikuwa Mkatoliki, aliyeingia Kanisa akiwa mtu mzima. Yeye pia alikuwa mtoto maskini, mwizi wa vitu vidogo, mgumu wa kusoma. Tofauti ni kwamba akiwa na miaka kama kumi alipelekwa Wiltwyck, shule ya watoto wenye matatizo huko New York, ambako walimu walikuwa na subira naye, kisha akaangukia kwa Cus D'Amato, mwalimu aliyewachukia watu wa Carbo. Wavulana wawili wanaofanana sana, na waliowapokea tofauti. Watu wengi wenye heshima walimsihi Patterson asimpe Liston nafasi. Hata Rais Kennedy alimwambia Patterson kwamba Liston ni lazima apigwe. Patterson akajibu hoja zao kwamba huyu mtu amekwisha kulipa kwa makosa yake, apewe nafasi, huenda akipata ubingwa mema yaliyo ndani yake yatatokea. Nimewahi kusikia homilia nzuri nyingi juu ya msamaha. Ni chache zilizogharimu kama hiyo. Tarehe 25 Septemba 1962, Chicago, Liston alimwangusha kwa dakika 2 na sekunde 6.

Sasa sehemu inayoniuma kuliko zote. Kwenye ndege ya kurudi Philadelphia, bingwa mpya alikaa na rafiki yake mwandishi wa habari, Jack McKinney, wakawa wanafanya mazoezi ya hotuba. McKinney alisimulia baadaye kwamba Liston alikuwa anapanga aseme nini kwa watu: kwamba atakuwa bingwa mwema, kwamba anataka watoto wa mitaani waone mtu aweza kubadilika. Alitarajia umati. Mlango wa ndege ukafunguliwa, akasimama juu ya ngazi, akanyoosha tai. Chini walikuwepo waandishi na wapiga picha. Mji haukuja. McKinney alisema aliona mabega yake yakishuka.

Mimi siyo mtu wa kulialia, lakini nimeiona picha hiyo kichwani nikiwa kwenye sala ya jioni, na nimeshindwa kuendelea na zaburi.

Yaliyofuata yanajulikana na sitayarefusha. Alimpiga Patterson tena 1963, raundi ya kwanza tena. Februari 1964 huko Miami Beach alibaki amekaa kwenye kiti chake akashindwa na Cassius Clay, ambaye tunamjua kama Muhammad Ali. Mei 1965, huko Lewiston, Maine, aliangushwa naye tena katika raundi ya kwanza, kwa ngumi ambayo watu wanaibishania mpaka leo. Mke wake, Geraldine, alikuta maiti yake nyumbani kwao Las Vegas tarehe 5 Januari 1971. Kwenye jiwe la kaburi, chini ya jina lake, kuna maneno mawili tu ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili yanatosha kusemwa kwa neno moja: Mwanamume. Hawakuandika bingwa.

Baada ya kusoma yote haya nilirudi kwenye ile sehemu ya Paulo tuliyoitumia kikaoni, ile ya Wakorintho wa Kwanza. Iko sura ya 15, aya ya 33. Fungueni Biblia muone imekaa wapi. Sura yote ile ni ya ufufuko. Paulo anabishana na watu wanaosema wafu hawafufuki, wanaoishi kama vile mambo yakishakuwa yalivyo basi, yamekwisha. Hao ndio marafiki wabaya anaowaonya Wakorintho. Wanaosema hakuna kinachoweza kuinuka.

Nikajiuliza siku ile ndani ya kikao ni nani alikuwa anazungumza hivyo. Wale wanne wa kijiweni hawakuwa ndani. Tulikuwa sisi, wenye kadi za jumuiya na fulana za Siku ya Vijana, na mimi mwenye shahada.

Simaanishi kwamba wasiwasi wa wenzangu ulikuwa wa bure. Ukumbi una vyombo vya kwaya, spika zile zimenunuliwa kwa michango ya watu. Kuna watoto wa utoto mtakatifu wanaopita pale. Mtu anayesema tuweke utaratibu hajakosea. Ila hatukusema tuweke utaratibu. Tulisema hapana, tukaibandika Maandiko.

Kijana yule sasa anapigana mapambano ya utangulizi, yale yanayochezwa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Anaye meneja. Ni mtu mmoja anayekopesha mikopo ile ya kausha damu kwa akina mama wa sokoni, ndiye aliyemnunulia glavu mpya na anayemlipia chumba. Mama ntilie mmoja wa jumuiya yetu alinieleza kwamba siku ya marejesho meneja huja naye. Kijana hasemi neno, hagusi mtu. Anasimama tu mlangoni. Mama akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kijana alipoona ni yeye, mama aliyemfundisha katekisimu ya Komunyo ya Kwanza, aliangalia chini.

Jumamosi iliyopita nilimpigia simu. Ilipokelewa na mtu mwingine, nyuma yake kuna kelele za watu wanahema na kitu kizito kinapigwa. "Frateri gani? Wa kulekule walikomnyima ukumbi?" Nikasema ndiyo, huyohuyo. Kikawa kimya kidogo. Akasema subiri, nikasikia anamwita, na alimwita kwa jina la ubatizo, jina ambalo nilidhani pale kijiweni halijulikani.

Tuliongea dakika tano hivi. Hakuniahidi kitu, na sikustahili kuahidiwa. Aliniuliza tu kama ile feni ya ukumbini imeshatengenezwa.

Nimemwomba paroko, naye amekubali suala la ukumbi lirudi kikaoni Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Safari hii halitakaa kwenye mengineyo, litakuwa ajenda ya kwanza, na atakayelileta ni mimi. Mwenyekiti ameshaniambia waziwazi kwamba atapinga. Naombeni Salamu Maria moja, kwa ajili ya kijana na wale wanne, kwa ajili ya mwenyekiti wetu ambaye ni mtu mwema, na kwa marehemu Charles Liston.

Feni bado haijatengenezwa. Nimeulizia bei ya fundi.